Jua Likishazama

Saa nne usiku, mwezi wa Februari, nimeegemea ukuta wa baraza ya bibi yangu kule Pangani, na mgongo unapata moto. Si moto wa kuunguza. Ni ule wa mtu aliyekaa jirani na jiko baada ya chungu kuepuliwa. Umeme umekatika tangu magharibi, feni imelala, nasi tumetoka nje kuusaka upepo ambao nao umetususa. Jua limezama zaidi ya saa tatu zilizopita. Ukuta huu wa mawe na chokaa umelinywa tangu asubuhi na sasa unalitoa kidogo kidogo. Nikisogeza kiganja karibu nao bila kuugusa, bado nalihisi. Kuna kitu kinatoka mle, kinavuka hewa, kinanifikia, na gizani macho hayakioni.

"Ukuta una homa," bibi anasema, anahamia mkekani. "Njoo huku, mume wangu, utababuka."

Kitu hicho ni nuru. Macho yetu tu ndiyo hayakujaliwa kuiona. Mwaka 1800, huko Uingereza, mwanafalaki William Herschel alipitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu, mwanga ukachanuka rangi za upinde wa mvua, naye akaweka vipimajoto ndani ya rangi hizo kuona ipi ina moto zaidi. Kimoja alikiweka nje kidogo, ng'ambo ya nyekundu, mahali ambapo jicho liliona meza tupu. Ndicho kilichopanda kuliko vyote. Tangu hapo tunajua kwamba kila chenye uvuguvugu hung'aa kwa namna yake: ukuta, mchanga, wingu, ng'ombe zizini, bibi mkekani. Mambo haya niliyasoma sekondari na nikayajibu kwenye mtihani. Kuyapokea mgongoni ni habari nyingine.

Pwani tumezoea kulisingizia jua. Joto likizidi, jua. Mchicha ukinyauka, jua. Mtu akifoka bila sababu, jua limempanda kichwani. Lakini jua ni mtoaji asiyebadilika sana. Juu kabisa ya angahewa, kila mita ya mraba inayolikabili uso kwa uso hupokea wati 1,361 hivi, na tangu setilaiti zianze kulipima mwishoni mwa miaka ya 1970, kiasi hicho kimekuwa kikipanda na kushuka katika mzunguko wa miaka 11 kwa takriban asilimia 0.1 tu. Ukikitandaza juu ya tufe lote, upande wa mchana na upande wa usiku, ikweta na ncha, unapata wastani wa wati 340. Chini kidogo ya thuluthi yake hurudishwa papo hapo na mawingu, theluji na mchanga, bila hata kutupasha. Zinazobaki ni wati 240 kwa kila mita ya mraba: balbu nne za kizamani za wati 60. Ndiyo mali yetu yote. Mihogo inamea kwayo, bahari inatoa mvuke kwayo, vimbunga vinazunguka kwayo.

Na mali hiyo lazima itoke tena. Dunia ingekuwa inapokea bila kutoa, ingeshaiva zamani. Hutoa kwa njia ile ile ya ukuta wa bibi, kwa nuru ya gizani. Wanafizikia wakipiga hesabu ya dunia inayopokea wati hizo 240 na kuzirudisha bila kizuizi, wanapata wastani wa nyuzi 18 chini ya sifuri. Wastani halisi ni karibu nyuzi 15 juu yake. Nyuzi 33 zilizo katikati hazikuongezwa na jua. Zimetokana na hewa, inayoiachia sehemu kubwa ya nuru ya mchana ishuke bila kuigusa, kisha ikaishika-shika mkono ile nyingine inapotaka kuondoka. Mwezi uko umbali ule ule na jua kama sisi, ila hauna hewa ya kutajika. Kwenye ikweta yake mchana hupita nyuzi 100, na usiku hushuka zaidi ya 100 chini ya sifuri.

Kwa hiyo joto tunaloishi ndani yake si lile linaloingia. Ni lile lililochelewa kutoka. Nimekuwa na wazo hili kwa miaka sasa, na kila ninapolizungusha linafungua mlango mwingine.

Chukua saa zetu. Mswahili anaanza kuhesabu mchana jua linapochomoza, na saa sita jua liko utosini, kivuli kimejificha chini ya nyayo. Mbona basi joto kali kabisa huja saa nane, au saa tisa, jua likiwa limeshaanza kuinama? Ni hesabu ya duka. Maadamu kinachoingia sandukuni ni kikubwa kuliko kinachotoka, fedha zinaongezeka, hata kama wateja wameanza kupungua. Usiku wateja hawapo kabisa, matumizi yanaendelea, na sanduku huwa jepesi kupita wakati wowote saa kumi na moja au kumi na mbili alfajiri, muda mfupi kabla ya jua kuja kufungua tena. Wavuvi wanaorudi saa hizo wamejifunga mataulo shingoni wanalijua hilo bila hesabu.

Mwaka nao una alfajiri yake. Juni ndiyo jua linapokuwa mbali nasi kaskazini, mpaka saa sita mchana kivuli cha mnazi wa Pangani hulala kuelekea kusini. Lakini kipupwe chenyewe hukolea Julai na Agosti. Wapo wanaodhani baridi hiyo ni kwa sababu dunia imesogea mbali na jua. Kwetu sisi wa kusini mwa ikweta jambo hilo linaelekea kusadikika, maana kweli mwanzoni mwa Julai tuko kilomita milioni 152 kutoka kwenye jua na mwanzoni mwa Januari milioni 147. Lakini Januari hiyo hiyo London wanatetemeka. Kinachogawa majira ni kuinama kwa mhimili wa dunia, nyuzi 23 na nusu, ambako hufanya mwale uleule usimame wima mahali pamoja na kulala chali mahali pengine.

Kuinama huko ndiko kulikotupa kaskazi na kusi. Bara la Asia hupata joto upesi na kulipoteza upesi, bahari huchukua muda wake, na hewa hukimbilia palipo na moto: nusu ya mwaka inatoka huko kuja kwetu, nusu nyingine inarudi. Majahazi ya Omani na Gujarati yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi kwa karne nyingi, na lugha yetu ikaziita pande mbili za dunia kwa majina ya pepo hizo. Mwingereza akitaka kaskazini anatafuta nyota. Sisi tunageuza shavu.

Nilipoajiriwa ualimu nilipangiwa Makete, kule milimani. Mtu wa Pangani, Makete! Nilikwenda na shuka mbili na kandambili. Mwenyeji wangu, mzee aliyekuwa na bustani ya viazi mviringo bondeni, kinyungu kama wanavyoiita kule, alinitazama miguu akacheka, akaniazima koti la sufu ambalo sikulirudisha mpaka nilipohama. Usiku mmoja wa Juni tumesimama nje ya jiko lake, anga limechanua nyota kiasi ambacho pwani hatukioni, nikamwambia ni usiku mzuri. Akatikisa kichwa.

"Nyota zikiwa nyingi hivi, mwalimu, kesho hakuna viazi."

Nilidhani ni imani za wazee. Asubuhi nyasi za bondeni zilikuwa nyeupe, zinakatika chini ya kiatu kama kaukau, na kufika mchana majani ya viazi yalikuwa meusi, yamelegea, utasema yamemwagiwa maji ya moto. Kiswahili kina neno la kitu kile: sakitu. Nililijua kutoka kwenye kamusi tu. Pangani halina kazi.

Kilichonisumbua ni kipimajoto cha shule. Kilikuwa ndani ya kijumba chake cha mbao, kimo cha kifua, na alfajiri ile kilisoma nyuzi 3 juu ya sifuri. Maji hayagandi kwa nyuzi 3. Nilibishana na kifaa kile siku nzima kabla ya kukumbuka ukuta wa bibi. Kipimajoto kinapima hewa. Jani la kiazi halimo ndani ya kijumba. Limelala wazi chini ya mbingu, na kama ukuta, usiku kucha linatupa joto lake juu. Likitupa kwenye wingu, wingu nalo lina uvuguvugu wake, linamrudishia mwenziwe. Likitupa kwenye anga kavu lisilo na wingu, kinachorudi ni haba. Jani linatoa, linatoa, mpaka linakuwa baridi kuliko hewa iliyolizunguka, na umande ulio juu yake unakuwa barafu wakati mtu aliyesimama pembeni angeapa kwamba hakujaganda. Kisha hewa iliyopoa kwa kugusa majani hayo inakuwa nzito, inatiririka mteremkoni kama maji, inatuama bondeni. Vinyungu viko bondeni kwa sababu huko ndiko kwenye unyevu wakati wa kiangazi. Mashamba ya mteremkoni, mita chache juu, hayakuguswa.

Siku zilizofuata nilimsaidia mzee kukata nyasi za kufunikia miche iliyosalia. Hatukuwa tunaipasha moto. Tulikuwa tunaiwekea kitu kati yake na nyota. Jioni ya nne au ya tano mawingu yaliingia, mazito, ya chini. Mzee aliyaangalia, akaweka mundu.

"Leo tutalala," akasema.

Pwani hatufuniki kitu, maana tumefunikwa tayari. Mvuke wa maji ni mzuiaji mkuu wa ile nuru ya gizani, na hewa ya baharini imejaa mvuke. Dodoma, nyanda kavu zilizoinuka zaidi ya mita 1,000, siku ya Julai hufika nyuzi 27 mchana, na alfajiri hushuka mpaka 13 au 14. Unguja mchana wake hautofautiani sana na huo, lakini usiku unasimama kwenye 20 na ushei. Jua limewatendea haki sawa. Ndiyo maana neno letu fukuto ni zuri mno: halisemi kuna moto mkali, linasema kuna moto uliokosa njia ya kutoka.

Hapa ndipo ninapomkumbuka kiongozi wa msafara wa Johannes Rebmann. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari huyo Mjerumani, aliyekuwa akiishi Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima Kilimanjaro kutoka mbali na kitu cheupe juu yake. Alipomuuliza kiongozi wake ni kitu gani kile, alijibiwa kwa neno moja: baridi. Rebmann akaelewa kwamba ni theluji, akaandika hivyo, na habari ilipofika London baadhi ya wasomi wakaipinga. William Desborough Cooley, aliyeandika sana juu ya Afrika bila kuikanyaga, aliidharau kwa miaka. Theluji chini ya jua la utosi? Cha ajabu ni kwamba Alexander von Humboldt alikwishapanda sehemu kubwa ya mlima Chimborazo, Amerika ya Kusini, mwaka 1802, na ule nao uko karibu kabisa na ikweta, una theluji. Lakini mtu akishaamua kwamba joto ni jua basi, hata ushahidi wa macho huwa uzushi.

Yule kiongozi hakutaja rangi wala maji. Alitaja hewa ya mahali pale. Na alikuwa sahihi kuliko bwana wa London, kwa kuwa hewa haipashwi sana na jua linapopita ndani yake. Inapashwa na ardhi kutoka chini, kama sufuria. Ikishapata moto inapanda, ikipanda inatanuka, ikitanuka inapoa. Kwa wastani kila mita 1,000 huondoa nyuzi 6.5. Kilele kiko mita 5,895. Piga hesabu, nyuzi 38 zimeondoka. Mchana wa nyuzi 30 pale Mombasa unakuwa nyuzi 8 chini ya sifuri kule juu, na wastani unaopimwa kileleni ni karibu 7 chini. Umekwenda kilomita sita karibu zaidi na jua na umeganda. Zaidi ya hayo, nusu ya angahewa umeiacha chini ya miguu yako, pamoja na sehemu kubwa ya mvuke wake. Unakaribia kuwa mwezini.

Barafu ile inaondoka, kila mtu anajua. Kati ya 1912 na 2007 ilipungua kwa takriban asilimia 85. Ila mtu akiniambia imeyeyushwa na joto, huwa namwomba angoje kidogo. Hewa ya kileleni, kama nilivyosema, iko chini ya sifuri. Kuta zile za barafu, zilizosimama wima utadhani zimekatwa kwa msumeno, zinaliwa kwa kiasi kikubwa na jua lenyewe, na sehemu ya barafu hiyo hugeuka mvuke bila kupitia maji. Theluji mpya hurudisha sehemu nne kwa tano au zaidi ya mwanga unaoipiga. Barafu kuukuu yenye vumbi hurudisha pungufu sana. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 Afrika Mashariki ilikauka, theluji mpya ikawa adimu, barafu ikabaki bila shuka lake jeupe. Wataalamu wamebishana juu ya sehemu ya kila sababu, na juu ya namna Bahari ya Hindi inavyoamua ni unyevu kiasi gani unaofika kule. Mimi naona mlima ni shahidi mgumu wa dunia kuongezeka joto, na watu wanaotaka shahidi mwepesi wangetafuta mwingine.

Yupo. Mwaka 1856 mwanamke wa Marekani, Eunice Foote, alichukua mitungi ya kioo na vipimajoto, akaijaza hewa za aina mbalimbali, akaiweka juani. Ule wenye hewa ukaa ulipata joto kuliko yote na ulichelewa sana kupoa. Aliandika kwamba angahewa lenye hewa hiyo nyingi lingeipa dunia joto zaidi. Makala yake ilisomwa kwenye mkutano wa wanasayansi na mwanamume, Joseph Henry, kisha ikasahauliwa zaidi ya karne. Miaka mitatu baadaye, London, John Tyndall alipima ile nuru ya giza yenyewe na kuonyesha kwamba nitrojeni na oksijeni, ambazo ni asilimia 99 ya hewa kavu, karibu haziizuii kabisa. Wanaoizuia ni wachache: mvuke, hewa ukaa, na wenzao. Ni kama pilipili mchuzini. Hupimi kazi yake kwa ujazo wa kijiko.

Kabla ya viwanda, katika kila chembe milioni za hewa, chembe 280 hivi zilikuwa hewa ukaa. Leo zimepita 420. Mwaka 2024, ambao ulikuwa na joto kuliko yote iliyokuwa imepimwa hadi wakati huo, ulizidi wastani wa miaka ya 1850 hadi 1900 kwa takriban nyuzi 1.55. Na kama bado mtu angependa kulisingizia jua, kuna jambo moja ninalolipenda kwa ukali wake. Tabaka la angahewa lililo juu ya letu, stratosfia, limekuwa likipoa huku sisi wa chini tukipata joto. Lingekuwa jua limeongeza moto, pote pangepanda. Hewa ukaa inayolikamata joto huku chini, kule juu hulitupa nje angani, ndiyo maana kumepoa. Tena sehemu nyingi za dunia usiku umeongeza joto haraka kuliko mchana. Nani angetarajia hivyo, kama mwenye kosa ni yule aliyekwishazama?

Hali ya hewa ni hali. Leo iko hivi, kesho vile. Tabianchi ni tabia, na tabia ya mtu huijui kwa siku moja. Wataalamu wa mambo hayo huchukua wastani wa miaka 30. Bibi yangu ana zaidi ya mara mbili na nusu ya hiyo, zote Pangani, zote bila kipimajoto chumbani.

Ana blanketi. La kahawia, lenye mistari miwili myeusi, alilonunuliwa na marehemu babu Tanga mjini wakati mkonge ungali na bei. Nilipokuwa mdogo, kipupwe kilipoingia lilitolewa sandukuni na sisi wajukuu tukagombea pembe zake. Blanketi halina moto wake lenyewe. Linachelewesha tu ule ulio ndani yako. Julai iliyopita nilimkuta amelala na kanga moja. Nikamuuliza blanketi liko wapi.

"Limo. Miaka hii silifunui."

Nikauliza kwa nini. Akafikiri. "Labda uzee," akasema, ingawa wazee wenziwe mtaani huwa wa kwanza kulalamika baridi. Hakuongeza neno, nami sikumwambia habari za Tyndall.

Asubuhi aliniagiza nilitoe nikalianike, lisije likaliwa na nondo. Lilikaa kambani mchana kutwa. Magharibi nikalikunja, bado lina moto wa jua ndani yake, nikampa. Alilipitisha shavuni, akalirudisha sandukuni, akafunga.